Mwangaza wa Jicho la Kushoto

Kwa miaka saba niliandika juu ya mwangaza ambao sikuwahi kuuona. Nikisema hivyo watu hudhani nimeokoka upya, nami huwaacha wadhani, kwa sababu kueleza kunachosha na mimi ni mtu wa hasira za karibu. Ninafundisha fizikia chuo kikuu hapa Eldoret. Swali la "sasa hiyo inasaidia nini" limewahi kuniinua mezani kwenye harusi ya binamu yangu, nikaondoka na njaa yangu.

Jambo lenyewe si gumu. Chukua kitu kisichopitisha umeme, kama kioo, plastiki, nta au maji safi. Ndani ya kitu hicho mwanga hupunguza mwendo. Sasa pitisha humo elektroni, ile chembe ndogo yenye chaji, ikiwa na kasi kubwa kuliko mwanga unavyokwenda humo ndani. Chembe ikipita, huacha nyuma yake mwangaza wa bluu. Umbo la kitu ndilo huamua mwangaza utatokea wapi na utaelekea wapi. Koni huutoa upande huu, mche upande ule, tufe kwingine. Tasnifu yangu ya uzamifu ilihusu hilo tu, umbo na mahali. Ukikisogeza kitu kidogo mbele ya zile chembe, mwangaza nao unahama. Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi kiasi kwamba wanafunzi wangu huniigiza nikiisema.

Mashine ya kurusha elektroni sikuwa nayo. Nilikuwa na kompyuta iliyopata joto kuliko jiko, na barua ya maabara moja ya ng'ambo iliyosema kwamba nikiwatumia maumbo yangu watayapima wakipata nafasi. Maumbo yenyewe tuliyatengeneza jikoni kwetu Kapsoya, mimi na Mama. Tuliyeyusha mishumaa kwenye sufuria kuukuu, tukaziba tundu la faneli ya mafuta ya taa, tukamimina nta, tukangoja igande, tukaitoa koni. Mama ndiye aliyekuwa na subira. Koni zangu zilitoka na mapovu ndani, zake zilitoka safi. Aliinua moja dirishani, akaizungusha kwa vidole viwili, akaniambia nisiitume hiyo, ina ufa, mteja atairudisha. Nilikuwa nimeipima mara tatu na sikuuona ufa. Ulikuwepo.

Mama alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Alitoka pande za Ziwa akiwa bibi arusi, Baba akafa mapema, na cherehani yake kwenye kibanda cha mjini ndiyo iliyonisomesha mpaka nikaanza kujifanya najua mambo. Macho yake yalikuwa mali ya mji mzima. Ukimletea kipande cha sweta kilichochanika alikitazama mara moja, akafungua mkebe wake wa rili za uzi, akatoa rangi ileile, si inayokaribia. Na alikuwa na desturi moja ya kazi ambayo sikuiona kwa fundi mwingine. Mzazi akisimama kibandani, akaguna tu kwamba sketi ingependeza ikiwa na mfuko, alikuja kuichukua na kuukuta mfuko. Hakuwa ameuagiza. Mama aliamini kwamba watu wengi huona haya kuomba, kwa hiyo fundi anayejiheshimu husikia hata lile lililoishia mdomoni. Alijivunia hilo kuliko mishono yake.

Kisha jicho lake la kulia likaanza kusukumwa nje. Kidogo tu, kiasi kwamba mimi niliyeishi naye sikuliona. Aliliona mteja. Tulizunguka kwa madaktari, tukapimwa na kupimwa tena, mpaka tukaambiwa kuna uvimbe wa saratani nyuma ya jicho hilo, mahali ambapo kisu hakiwezi kufika bila kuharibu mengi. Jicho la kulia huenda lisiokolewe. La kushoto lilikuwa zima, na daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba mpango wote wa tiba ya mionzi umechorwa ili la kushoto lisiguswe. Alirudia neno hilo, lisiguswe, akatuonyesha kwenye skrini jinsi mionzi itakavyopita pembeni yake. Mama aliuliza swali moja tu, kama ataendelea kushona. Daktari akasema kwa jicho moja mtu anashona.

Ndipo alipotueleza habari za mashine. Mashine ya tiba hiyo huharakisha elektroni. Nilicheka kwa sauti, na daktari akanitazama akidhani nimechanganyikiwa. Miaka saba nilikuwa nikiandikia watu wa ng'ambo barua za kunyenyekea, na kitu nilichokitafuta kilikuwa kwenye jengo la hospitali, mwendo wa boda boda dakika chache kutoka mezani kwangu. Sikuwa nimekifikiria kwa sababu sikuwa na mgonjwa.

Tiba ilipangwa mara thelathini, siku tano kwa wiki. Kwanza walimtengenezea barakoa. Plastiki ngumu yenye matundu huchovywa kwenye maji moto ikalainika, huvutwa juu ya uso mpaka ikashika kila mfupa, ikipoa inakuwa uso wa pili, nayo hufungwa kwa vibanio kitandani ili kichwa kisisogee hata kwa upana wa ukucha. Mama aliisifu. Alisema aliyeitengeneza anajua kupima. Lakini walipomfungia ndani yake kwa mara ya kwanza alitoka akaniambia polepole, bila kulia, kwamba hatarudi. Alisema ni kama kuzikwa na kuambiwa utulie. Siku ya pili nilimbembeleza mpaka sauti ikakauka. Siku ya tatu nilimpeleka kwa hasira, na hilo nalo najutia.

Siku hiyo ya tatu alitoka ameduwaa. Tuliketi kwenye benchi la nje, akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akaniuliza.

"Kwani huwa wanawasha taa ndani ya macho yangu?"

Nikamuuliza taa gani.

"Bluu. Mimi nimefunga macho, na ile plastiki iko juu, lakini naona bluu. Huku kwa hii mbaya."

Kijana mtaalamu wa mashine alikuwa akipita na faili, akamsikia. Akamwambia, "Mama, hiyo ni kawaida. Wengi hutuambia. Si kitu ya kuogopa." Kisha akaenda zake. Kwake ilikuwa kawaida. Mimi nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Mionzi ikiingia mwilini hung'oa elektroni na kuzikimbiza. Elektroni hizo zikipita ndani ya jicho, ambalo ni tufe lililojaa maji safi, huenda kasi kuliko mwanga humo ndani. Na zikipita hivyo, huacha bluu. Mama yangu alikuwa ameuona mwangaza wangu. Jicho lake lilikuwa umbo langu.

Nililia pale mbele ya watu. Nililia kwa furaha, na kwa wivu, na kwa aibu ya ule wivu. Kisha nikamweleza, pale pale, kwa Kiswahili cha nyumbani, nikichora nyuma ya kadi yake ya hospitali. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumweleza mtu kazi yangu bila kukasirika. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa mbona hukusema ni kitu nzuri hivyo?"

Kesho yake hakuhitaji kubembelezwa. Alivaa mapema, akanigongea mlango. Njiani nilipitia dukani nikanunua daftari la kurasa tisini na sita, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nilijiambia ni la kumtuliza. Ukweli ni kwamba penseli nilikuwa nimeshaichonga nyumbani.

Ikawa hivyo kila siku. Akitoka, tunavuka barabara hadi kibanda cha chai, yeye anashika kikombe ambacho hakinywi, mimi nafungua daftari. Rangi gani? Imeingia kutoka upande gani? Imekaa muda gani? Imekatika mara ngapi? Sijawahi kupata msaidizi wa maabara kama huyo. Hakupiga chuku, hakuongeza lolote ili anifurahishe. Kama hakuwa na hakika, alisema hana hakika. Rangi alinipa kwa lugha yake ya nyuzi: bluu ya sweta za shule fulani ya wasichana, lakini iliyofuliwa mihula miwili; siku nyingine, bluu hiyohiyo ikiwa mpya. Jioni moja alifungua mkebe wa rili, akachagua kwa muda mrefu kwa lile jicho zima, akatoa rili moja ya bluu. Akasema ndiyo hiyo hasa, akaiweka peke yake upande wa kulia wa mkebe. Uzi huo angeshonea upindo wa gauni langu la kuhitimu, nikimaliza kitabu changu. Kitambaa cha gauni, bluu vilevile, kilikuwa kimeshakatwa.

Ninasema haya kwa sababu zilikuwa wiki nzuri, na sitaki kujifanya hazikuwa nzuri. Ngozi ya shavu ilikuwa imeungua, chakula kilikuwa na ladha ya chuma mdomoni mwake, alikonda mbele ya macho yangu, lakini alikwenda kwenye ile barakoa akiwa mtu mwenye shughuli. Akina mama wa kanisa walipokuja kumwombea aliwaeleza habari za elektroni, wakaitikia amina.

Wiki ya tatu ilipokwisha nilikaa na daftari mezani, nikaona lina pengo. Mwangaza wote ulikuwa wa jicho la kulia, na la kulia lilikuwa jicho gonjwa, limesukumwa, halina umbo lake. Sikuwa na cha kulinganisha. Ningepata mara chache tu mwangaza wa jicho zima, ningekuwa na sura nzima ya tasnifu, kitu ambacho hao wa ng'ambo wenyewe hawakuwa nacho. Mama alikuwa karibu, akikunja nguo. Nilishusha pumzi, nikasema, nikijisemea mwenyewe, "Hapa imebaki ya kushoto tu. Ya kushoto ningeipata, ningekuwa nimemaliza."

Alimaliza kukunja nguo, akaenda kulala.

Jumatatu aliniambia ameona kidogo kushoto. Jumanne, kushoto zaidi. Jumatano, bluu kali ya kushoto, mpya, haijafuliwa. Niliandika kila neno. Mkono wangu ulikuwa ukikimbia. Nilimnunulia ndizi mbivu za kumshukuru, akala nusu. Kwa siku nane za tiba mfululizo niliandika kushoto, kushoto, kushoto, na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu nianze kazi ile.

Hebu lisome tena hilo. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ukikisogeza kitu, mwangaza unahama. Mimi ndiye niliyeketi mbele ya daktari akatuonyesha kwamba mionzi haitagusa jicho la kushoto. Mashine ilikuwa ileile, mahali palepale. Mwangaza ukitokea kushoto, maana yake ni moja tu, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angeijua kabla hajamaliza kusoma swali. Nilikuwa na ushahidi kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa penseli niliyoichonga vizuri, na nikanunua ndizi.

Siku ya tisa walituita ofisini kabla ya tiba. Daktari alikuwa na picha mbili kwenye skrini. Alisema wakati wa ukaguzi wameona kichwa hakikai pale kilipokaa mwanzoni. Mama amekonda, barakoa imelegea, na sasa uso unaweza kugeuka ndani yake. Wanasimamisha tiba ili watengeneze barakoa nyingine na kuchora mpango upya. Lakini kinachomsumbua, alisema, ni kwamba hajui mgeuko huo ulianza lini. Picha ya ukaguzi wa kabla ya huo haikuonyesha kitu. Bila kujua ni siku ngapi, hawezi kukadiria jicho la kushoto limepata mionzi kiasi gani, wala kupanga zilizobaki kwa usalama. Alimuuliza Mama kama amewahi kuhisi anasogea. Mama akasema hapana. Kisha daktari akanigeukia, akaniuliza kama nimeona chochote nyumbani au njiani, badiliko lolote, hata dogo.

Daftari lilikuwa kwenye mkoba, juu ya magoti yangu. Nilihisi pembe yake kwenye paja. Nilielewa kila kitu kwa mpigo mmoja, na kilichonijia kwanza hakikuwa jicho la Mama. Kilikuwa mimi. Wangeniuliza ni nani aliyeniruhusu kumfanyia mgonjwa utafiti. Chuo kingeuliza. Nikajitia hamnazo. Nikasema sikuona kitu.

Tulirudi Kapsoya. Nilimkalisha kitini, jua la alasiri likiingia dirishani, nikapiga magoti mbele yake kama ninayempima upindo, nikamuuliza kama alikuwa akigeuza kichwa.

"Kidogo tu," akasema. "Hivi. Upana wa kidole."

"Kwa nini, Mama?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kwa jicho lile zima.

"Si ulisema ya kushoto ndiyo imebaki?"

Niliketi sakafuni. Yeye aliendelea kueleza, kwa sauti ya fundi anayeeleza kazi. Alisema barakoa ilianza kulegea yenyewe, akaona akikaza shingo na kusukuma kidevu, uso unazunguka kidogo, na hapo bluu inahamia upande mwingine. Ilimuuma shingo lakini si sana. Hakuwaambia wale vijana wa mashine kwa sababu wangeikaza, na kazi yangu ilikuwa haijakwisha. Alifikiri najua. Alidhani ndiyo maana nilikuwa nafurahi. Nilimwambia kwamba ule mwangaza ulikuwa mionzi ikipita kwenye jicho lake zuri, jicho ambalo watu wazima na elimu zao walikuwa wamechora michoro wiki nzima ili lisiguswe. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nyathina, ungeniambia hiyo mwanzo." Ndivyo watu wa kwao humwita mtoto wao. Hakusema kwa lawama, na ningependa angesema kwa lawama.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda peke yangu. Nilimngoja daktari mlangoni mpaka alipofika, nikampa daftari, nikasema jana nilidanganya. Alilisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akalisoma tena toka mwanzo. Alifuata mistari kwa kidole. Aliniuliza kama tarehe ni sahihi. Nikasema ni sahihi. Aliniuliza kama "kushoto" kila mahali ni neno la mgonjwa mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akahesabu siku nane, akapiga picha kila ukurasa kwa simu yake, akasema hii imetusaidia sana, sasa tunaweza kukokotoa. Aliposema asante nilitamani ardhi inimeze. Kisha akauliza nafundisha nini chuoni.

"Fizikia," nikasema.

Alifunga daftari, akalirudisha mikononi mwangu kwa upole. Nilitoka nje nikapita mbele ya lile benchi bila kulitazama.

Mama alitengenezewa barakoa mpya, akamaliza siku zake zilizobaki akiwa ametulia kabisa. Sikumuuliza tena juu ya mwangaza, wala yeye hakunitajia. Tulikuwa tukivuka hadi kibanda cha chai kwa mazoea tu, mikono yangu mitupu juu ya meza. Uvimbe ulinywea. Kila mtu alifurahi, hata mimi nilijilazimisha kufurahi. Jicho la kulia halikurudi, na hilo tulikuwa tumeambiwa.

Mwaka uliofuata, la kushoto likaanza. Kwanza alilalamika kwamba taa za nyumbani ni hafifu, nikabadilisha balbu. Kisha akaanza kutunga sindano akiwa mlangoni, kwenye jua. Kisha akaacha kutunga. Nilijikaza kisabuni nikampeleka, nikiomba iwe mtoto wa jicho, kitu kinachopasuliwa na mtu akaona. Haikuwa mtoto wa jicho. Ni nyuma kabisa, kwenye neva, na hakuna wa kuirudisha. Daktari yuleyule alituambia, kwa sauti ileile ya chini, kwamba hawezi kusema kwa hakika ni zile siku nane. Jicho lilikuwa jirani na ugonjwa, umri umekwenda, huenda ingekuwa hivi kwa vyovyote. Nimezifanyia hesabu siku hizo mara nyingi. Ni hesabu ya kwanza maishani mwangu ninayoomba niwe nimekosea, na kila mara jibu linatoka lilelile, kwamba haiwezekani kujua. Sijui kama mtu anaweza kuishi na jibu kama hilo. Mimi naamka nalo, naenda nalo darasani, nalisimamisha mbele ya ubao.

Tasnifu sijaiwasilisha. Sura ile niliitoa. Msimamizi wangu, ambaye nilimweleza yote, alisema kitabu kinasimama bila hiyo, nipeleke tu. Anasema kweli. Lakini kila nikifungua ukurasa wenye sentensi ile ya kusogeza kitu, nafunga kompyuta. Wenzangu wanadhani nimekata tamaa ya fizikia. Nimekata tamaa ya nafsi yangu. Mama naye haachi kuuliza. Kila Jumamosi anauliza, umemaliza? Nasema bado kidogo. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia kwamba macho yake yamekwisha kwa sababu yangu, kwamba nilimgeuza kuwa koni ya nta. Aliniacha niseme yote. Akasema si mimi niliyekigeuza kichwa, ni yeye, na kazi ya mteja aliipokea kwa akili zake timamu. Kisha akauliza kama gauni bado liko kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati.

Jumamosi iliyopita aliniambia nilishushe. Alisema mimi nikichelewa ni shauri yangu, lakini yeye hawezi kuacha kazi ya watu bila upindo. Alikaa dirishani, akalikunjua gauni magotini, akapima upindo kwa vidole, unene wa kidole gumba, sawasawa pande zote. Hakukosea hata mahali pamoja. Kisha akaomba mkebe wa uzi. Mkebe huo uliwahi kuanguka wakati wa kupiga deki, nikaokota rili zote na kuzirudisha ovyo, bila kukumbuka lolote. Alipeleka mkono moja kwa moja upande wa kulia, akatoa rili aliyoikuta hapo, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, karibu kabisa na jicho la kushoto, akaizungusha kwa vidole viwili kama alivyozungusha koni zetu.

"Hii bado naiona," akasema, na uso wake wote ukachangamka. "Bluu yangu bado naiona. Si ndiyo ile?"

Ilikuwa ya kijani, ya sare za shule moja ya msingi. Mimi huwakaripia wanafunzi wakibadilisha tarakimu moja ili grafu ipendeze. Nimewahi kumrudisha mmoja maabara akilia.

"Ndiyo ile, Mama," nikasema.

Akanipa sindano nimtungie. Nikaitunga, akaanza kushona upindo wa gauni la bluu kwa uzi wa kijani, mishono midogo iliyonyooka, akiniuliza tena kama nimebakisha sura ngapi.